Kamera haioni, simu haisikii: kutatua matatizo ya AR na amri za sauti darasani

AR, yaani uhalisia ulioboreshwa, humwezesha mwanafunzi kuelekeza kamera ya simu kwenye kadi au meza, akaona moyo, seli au mzunguko wa maji ukisimama mbele yake kwa pande tatu. Amri za sauti humwezesha asiyeweza kushika kalamu vizuri, au asiyeona vitufe vidogo, kuliendesha umbo hilo kwa kusema. Vikienda pamoja, mtoto aliyekuwa akikaa nyuma anashiriki somo kama wenzake. Vikikwama, lawama humwangukia yeye: hatamki vizuri, mkono unatetemeka, hajazoea simu. Mara nyingi chanzo kiko kwingine kabisa, kwenye mwanga, karatasi, lugha iliyochaguliwa au amri iliyopangwa vibaya, na chote hicho kinarekebishika.

Mwongozo huu unahusu simu na tableti za Android za bei tofauti, somo linalofunguliwa kwenye Chrome au kwenye programu, kadi zilizochapishwa, na amri za Kiswahili. iPhone tumeigusa pale inapotofautiana.

Tenga tatizo kwanza

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fanya majaribio mawili. Fungua kamera ya kawaida ya simu, ielekeze kwenye kadi, uone kama picha ni safi. Kisha fungua sehemu yoyote ya kuandika, gusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya Gboard, useme sentensi moja ya Kiswahili. Vyote viwili vikifanya kazi, simu ni nzima, na tatizo liko kwenye somo lenyewe. Kimoja kikishindwa hapo, usihangaike na somo, shughulikia simu.

Jaribio la tatu ni kubadilishana: kadi ileile, simu nyingine. Tatizo likibaki na kadi, chapisha upya. Likihama na simu, endelea kusoma.

Skrini nyeusi, au ujumbe kwamba kamera haipatikani

Tangu Android 12 kuna swichi mbili kwenye mipangilio ya haraka, ile unayoivuta kutoka juu ya skrini: moja inazima kamera kwa programu zote, nyingine maikrofoni. Mtoto akiigusa bila kujua, AR inakuwa nyeusi hata kama ruhusa zote zipo. Anza hapo. Kisha kagua ruhusa ya Chrome kwenye Mipangilio ya simu, na ruhusa ya tovuti kwa kugusa alama iliyo kando ya anwani. Aliyewahi kukataa hataulizwa tena kirahisi, ni lazima ruhusa hiyo iwekwe upya kwa mkono.

Chanzo kingine huwakwamisha watu siku nzima. Shule isiyo na intaneti huweka somo kwenye kompyuta ndogo, labda Raspberry Pi, na simu zinalifungua kwa anwani inayoanza na http://192.168. Ukurasa unafunguka, picha zinaonekana, lakini kamera na maikrofoni havikubali. Vivinjari hutoa vitu hivyo kwa kurasa salama tu, yaani zinazoanza na https, na localhost, yaani kifaa kinapojifungulia ukurasa wake chenyewe, ndiyo inayosamehewa. Tiba ya kudumu ni kuweka cheti cha https kinachokubalika kwenye kila simu, au kutumia programu iliyosakinishwa. Kwa majaribio, andika chrome://flags kwenye Chrome ya kila simu, tafuta unsafely-treat-insecure-origin-as-secure, weka anwani ya kompyuta yenu pamoja na namba ya mlango, kisha uanzishe Chrome upya. Tumia njia hii kwa mtandao wa ndani pekee, na uiondoe mkimaliza.

Simu inakataa kuweka umbo mezani

AR ya kuweka umbo juu ya meza bila kadi hutegemea ARCore, ambayo huingia kwenye simu kama Google Play Services for AR. Inahitaji Android 7.0 au zaidi, lakini toleo pekee halitoshi: kila aina ya simu hupimwa na kuidhinishwa na Google. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kihisi kinachojua simu imegeuka kiasi gani, kwa hiyo hazitaingia hata ukisasisha kila kitu. Angalia jina kamili la simu kwenye orodha ya Google ya simu zinazokubali ARCore kabla ya kununua, si baada.

Darasa lenye simu mchanganyiko lianze na kadi. AR.js na MindAR, zana za kutengenezea AR ya kadi, hufanya kazi ndani ya kivinjari, zikihitaji kamera na WebGL tu, yaani uwezo wa kivinjari wa kuchora kwa pande tatu. Kwa somo la kila mtoto, hiyo ni bora kuliko AR nzuri zaidi inayofunguka kwenye simu mbili kati ya kumi.

Upande wa iPhone, ARKit, mfumo wa AR wa Apple, ulianza na iOS 11 mwaka 2017 na inahitaji iPhone 6s au mpya zaidi. Umbo likionekana kwenye Android na kutoonekana kwenye iPhone, kagua faili: kitazamaji cha AR cha iPhone hutaka USDZ, wakati Android hutumia GLB. Weka zote mbili.

Kadi haisomwi, au umbo linatokea na kupotea

Sababu zinazojirudia ni hizi, kwa mpangilio wa kuzikagua.

Kung'aa. Kadi iliyofunikwa plastiki ili idumu hurudisha mwanga wa dirisha kama doa jeupe, na kamera haioni kilicho chini ya doa hilo. Inamisha kadi kidogo. Ikisomwa mara moja, umepata chanzo. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa na uibandike kwenye kadibodi au manila ngumu.

Ukingo. Alama za AR.js, kama ile ya mfano iitwayo Hiro, zina fremu nyeusi, na programu hutafuta fremu hiyo kwanza ndipo isome kilicho ndani. Ukikata karatasi hadi kwenye weusi na kuiweka juu ya meza nyeusi, fremu inamezwa na meza. Acha weupe wa angalau sm 2 pande zote.

Vidole. Kona moja ya fremu ikizibwa na kidole, alama nzima inapotea. Mtoto mwenye mkono uliokakamaa hushika kadi kwa nguvu na kwa kidole gumba kilicholala juu yake, na hakuna sababu ya kumlazimisha ashike vingine. Ongeza mkia wa kadibodi wa sm 5 upande wa chini wa kadi awe anashika hapo, au ibandike kadi juu ya boksi isimame yenyewe.

Kopi hafifu. Mashine ya kopi yenye wino unaokwisha hutoa kijivu badala ya nyeusi. Macho yetu yanavumilia. Kamera ya bei ya chini haivumilii, hasa chumba kikiwa na giza kidogo. Washa taa, au sogeza meza karibu na dirisha huku dirisha likiwa kando, si nyuma ya kadi.

Umbali. Alama yenye upana wa sm 8 hadi 10 inasomeka vizuri simu ikiwa sm 25 hadi 50. Ikiwa mnataka darasa lisome alama iliyo ubaoni, ikuzeni hadi ijaze karatasi ya A3.

Kwa picha za kawaida zinazotambuliwa na ARCore masharti ni mengine: picha ya kidijitali isiwe chini ya pikseli 300 kwa 300, iliyochapishwa iwe angalau sm 15 kwa 15, ilale bapa, na mara ya kwanza ijaze robo ya kinachoonekana na kamera. Zana ya arcoreimg huipa kila picha alama kati ya 0 na 100. Tumia zenye 75 kwenda juu. Nembo rahisi zenye rangi mbili, na michoro inayojirudia, hupata alama ndogo kwa sababu hazina vitu vya kutosha vya kushika.

Umbo linateleza, linatetemeka, au limewekwa lakini halionekani

Bila kadi, simu hujitafutia alama ndogondogo mezani na kuzilinganisha kadiri inavyosogea. Meza nyeupe tupu, kioo, sakafu iliyopigwa polishi na vigae vinavyofanana haviipi kitu cha kushika. Tandaza gazeti au kitenge chenye maua makubwa, kisha sogeza simu taratibu kulia na kushoto kama sm 30 kabla ya kugusa. Kusimama pale pale na kuzungusha kiganja tu hakusaidii, kwa sababu simu hupima umbali kwa kuona kitu kimoja kutoka sehemu mbili.

Umbo lisiloonekana kabisa huwa ni la vipimo. Faili za GLB huhesabu kwa mita. Aliyechora moyo kwa milimita akausafirisha bila kubadilisha, moyo wa milimita 120 unakuwa wa mita 120, na mwanafunzi anakuwa ndani yake akiangalia ukuta mwekundu au utupu. Fungua faili kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, soma vipimo, punguza, kisha hifadhi upya.

Likichelewa kutokea, kagua uzito. Kwa simu za kawaida lenga chini ya pembetatu 50,000, picha zinazofunika uso wa umbo (texture) zisizozidi pikseli 1024 kwa 1024, na faili chini ya MB 5. Simu 20 zikipakua faili ya MB 5 ni MB 100 za bando kwa umbo moja tu. Simu ikipata joto, AR hukatakata kwa sababu prosesa imepunguza kasi ijilinde. Dakika 10 za AR kisha mapumziko, kava limetolewa, na isichajiwe wakati huo.

Maikrofoni inawaka, hakuna kinachoandikwa

Weka simu kwenye hali ya ndegeni ujaribu. Ikiwa inaandika mtandao ukiwepo na kunyamaza ukikosekana, utambuzi wa sauti unafanyika kwenye seva. Ndivyo ilivyo kwa Chrome: sauti hutumwa nje. Wazazi wajulishwe hilo kabla ya watoto kuanza kuongea na simu.

Kama somo lenu linaonyesha kosa, lisome lilivyo. "not-allowed" ni ruhusa au ukurasa usio wa https. "network" ni mtandao. "audio-capture" ni maikrofoni haipatikani. "no-speech" ni kwamba imesikiliza na haikusikia usemi: kava limeziba tundu la maikrofoni, vumbi limejaa, au mtoto anaongea kwa sauti ndogo mbali na simu.

Kuna pia kugombania maikrofoni. Programu mbili za kawaida zikiitaka kwa wakati mmoja, Android huipa moja sauti halisi na nyingine huipa ukimya. Kurekodi skrini pamoja na sauti, au kuwasha Live Transcribe, programu inayoandika usemi kwenye skrini, wakati AR inasubiri amri, huweza kuleta hali hii.

Amri ikifanya kazi mara moja tu kisha ikakoma, mtengenezaji wa ukurasa ndiye wa kurekebisha: Chrome ya Android hufunga usikilizaji baada ya kila sentensi hata ukiweka continuous, kwa hiyo usikilizaji uanzishwe tena kwenye tukio la onend. Ule mlio unaosikika kila inapoanza ni wa kawaida.

Inaandika, lakini si alichosema

Hapa ndipo watoto wengi hukatishwa tamaa, kwa hiyo ichukuliwe polepole.

Lugha. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017, kikiwa na chaguo la Kenya na la Tanzania, sw-KE na sw-TZ. Simu iliyobaki kwenye Kiingereza itageuza "zungusha kushoto" kuwa fungu la maneno ya Kiingereza yasiyo na maana. Kwenye Gboard ongeza Kiswahili kama lugha ya kibodi. Kwenye msimbo wa ukurasa, lang, yaani lugha ya kusikiliza, iandikwe sw-TZ au sw-KE, isiachwe wazi. Jaribuni zote mbili na watoto wenyewe, mchague inayowasikia vizuri.

Kuchanganya lugha. Injini ya utambuzi wa sauti husikiliza lugha moja kwa wakati. Tanzania, sayansi ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili na ya sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza atasema "nionyeshe ventricle" bila kufikiri. Neno hilo litaharibika. Mpeni namba: kila sehemu ya umbo iwe na namba kubwa iliyoandikwa, naye aseme "onyesha sehemu ya tatu". Programu ikubali "tatu" na "3", maana injini hurudisha lolote kati ya hayo.

Amri yenyewe. "Kuza" ni fupi, na ikivutwa kidogo inakuwa "kuuza". "Ongeza" na "punguza" zinaishia na sauti ileile; kelele zikimeza mwanzo, kinachobaki ni "za" tu. Amri nzuri ina silabi nne au zaidi na inatofautiana na wenzake kwenye sehemu yenye uzito: "fanya kubwa" na "fanya dogo", "zungusha kulia" na "zungusha kushoto", "nisomee jina", "rudi mwanzo".

Hata hapo, mtoto anayejua lugha yake atapatanisha: moyo atasema "fanya mkubwa", kiini "fanya kikubwa", seli "fanya kubwa". Programu inayosubiri maneno mawili yaleyale itamkataa anayesema Kiswahili sanifu. Itafute mzizi ndani ya sentensi: "kubwa" inapatikana kwenye mkubwa na kikubwa, "dogo" kwenye mdogo, kidogo na ndogo. Kuna mtego mmoja: "fanya mkubwa kidogo" ina yote mawili. Kwa hiyo "kubwa" ikaguliwe kwanza, na ikipatikana, "kidogo" ihesabiwe kama kiasi tu.

Kabla ya kulinganisha, geuza herufi zote kuwa ndogo na uondoe nafasi na nukta. Omba majibu mbadala matano kwa maxAlternatives. Mara nyingi amri sahihi imo kwenye la pili au la tatu. Na mtoto ambaye mama yake husema lugha isiyotenganisha l na r, au anayesema "zahabu" kwa dhahabu, aongezewe umbo lake kwenye orodha. Kazi hiyo ni mistari miwili ya msimbo.

Sauti ya mtoto. Mifumo mingi imefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima, na sauti nyembamba ya mtoto wa miaka saba hupotea kirahisi zaidi. Hedifoni zenye waya na maikrofoni, ikiwa sm 5 hadi 10 kutoka mdomoni na kando kidogo ya midomo ili pumzi isiipige, husaidia kuliko mpangilio wowote.

Mvua juu ya mabati. Hakuna tiba ya programu. Ndiyo maana kila amri ya sauti iwe na kitufe chake kwenye skrini, chenye upana usiopungua sm 1.5, na kila kitufe kiwe na amri yake.

Inakata kabla hajamaliza

Injini huchukulia ukimya mfupi kuwa mwisho wa sentensi. Mwenye kigugumizi, au mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji muda kati ya silabi, hukatwa kila mara, kisha huharakisha, kisha hukwama zaidi. Wekeni kitufe cha kuanza na cha kumaliza, na programu iunganishe vipande vyote vilivyosikika kati ya miguso hiyo miwili kabla ya kuamua amri. Jibu la neno moja likubalike pale linapotosha. Msimsahihishie neno kabla simu haijamaliza. Sauti ya mwalimu nayo huingia kwenye maikrofoni.

Maneno ambayo hayakusemwa

Hili huwapata wanaorekodi majibu na kuyaandikisha baadaye kwa Whisper ya OpenAI. Kwenye ukimya mrefu hubuni sentensi, na kwenye vipande vifupi ikiachiwa itambue lugha yenyewe inaweza kuchukua Kiswahili kuwa lugha nyingine. Taja sw waziwazi, kata ukimya wa mwanzo na mwisho, na usikilize rekodi kabla ya kutoa alama. Modeli ndogo za tiny na base hazifai kwa Kiswahili cha mtoto. Tumia kuanzia small, ikiwezekana medium au large.

Kwa asiyeona na mwenye uoni hafifu

TalkBack, kisoma skrini cha Android, ikiwashwa, kwa kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu, mguso mmoja husoma na miwili hufungua. Ikinyamaza juu ya AR, ni kwa sababu umbo limechorwa kama picha moja isiyo na majina ndani yake. Kwenye model-viewer, zana ya kuonyesha maumbo ya pande tatu ndani ya ukurasa, jaza alt, yaani maelezo ya umbo, kwa Kiswahili. Unity, zana ya kutengenezea programu za AR, ilianza kutoa njia ya visoma skrini vya simu kwenye toleo la 2023.2, hivyo programu za zamani zitabaki kimya. Maelezo yakisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, ukurasa haujaandikwa lang="sw" au sauti ya Kiswahili haijapakuliwa kwenye simu.

Maikrofoni ikiandika maneno ya TalkBack yenyewe, tumia hedifoni, sikio moja tu ili mwalimu asikike. Kadi ikatwe kona ya juu kulia, vidole vijue upande, na nje ya fremu nyeusi bandika uzi kwa gundi kuchora umbo linaloguswa. Lebo zinazoelea juu ya picha ya kamera ziwe na kisanduku cheusi nyuma ya herufi nyeupe. Mwanafunzi mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali: AR ifanyike ndani, mgongo ukielekea dirishani, mwangaza wa skrini ukishushwa.

Kwa kiziwi

Anayetumia lugha ya alama hahitaji amri za sauti, anahitaji vitufe na maelezo ya maandishi. Live Transcribe iwe kwenye simu ya pili, mezani, mwalimu akiwa karibu nayo, kwa sababu ya ule ugomvi wa maikrofoni. Simu hiyo isimame nyuma ya kadi, usawa wa macho, asilazimike kuchagua kati ya kusoma na kuangalia umbo.

Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu

Somo likisema "zunguka upande wa pili uone mshipa", limemwacha. Funga simu kwenye stendi sm 30 hadi 40 kutoka kwenye kadi, ikiinama kama nyuzi 45, na uweke kadi juu ya sinia la mviringo lililokalishwa kwenye kifuniko kinachozunguka. Sinia likigeuka, moyo unageuka nalo, na linaweza kusukumwa kwa kiwiko. Bandika kadi katikati kabisa ya sinia. Ikiwa pembeni, itatoka nje ya kamera kila nusu mzunguko.